Kishimo cha Mkono wa Kushoto

Nesi alipitisha kidole gumba kwenye kunjo la mkono wangu wa kushoto akitafuta mshipa, akakutana na kovu. Ni kovu dogo, kishimo kinachoweza kumeza punje moja ya mtama, ngozi yake ngumu na yenye kung'aa kidogo. Akalipapasa tena, kisha akaniangalia usoni.

"Baba, uliwahi kulazwa sana? Hapa pamechomwa mara nyingi."

"Sikulazwa, mwanangu. Nilikuwa nauza."

Hakuuliza zaidi. Alifunga mpira juu ya kiwiko, akaniambia nikunje ngumi, akachoma kando kidogo ya kishimo. Ilikuwa asubuhi hapa Chato, madirisha wazi, upepo wa ziwa ukiingia. Mfuko ulilala chini ya kitanda juu ya kimashine kinachoutikisa polepole, kama mama anavyombembeleza mtoto asiamke. Baada ya dakika chache mililita 450 zilikuwa zimetimia. Nikapewa soda na biskuti, nikaambiwa nisiinuke haraka, na nikifika nyumbani ninywe maji mengi.

Nimekaa siku tatu na lile neno langu mwenyewe: nilikuwa nauza. Lilitoka mdomoni bila kupangwa. Jioni natembea hadi mwaloni, mitumbwi ya dagaa ikijiandaa kwenda na taa zake, nami naligeuzageuza neno lile kama mchimbaji anavyogeuza jiwe mkononi, hajui bado kama lina kitu au ni jiwe tupu.

Nilikwenda Marekani kwa bahati nasibu ya viza. Nilifikia katika mji mmoja wa katikati ya nchi ile, mji wa mahindi na maghala, nikapata kazi ya usiku ya kupanga makasha. Jumapili moja, baada ya misa, palikuwa na meza ukumbini: watu wanachangia damu. Nilifurahi. Nilikuwa mgeni nisiye na kitu, lakini damu ninayo. Nikapanga foleni. Dada mmoja mwenye karatasi akaniuliza nilikuwa nikiishi wapi miaka mitatu iliyopita. Nikamwambia Tanzania, kando ya Ziwa Victoria. Akapekua kitabu chake, akaniambia kwa upole kwamba mtu aliyeishi nchi yenye malaria hana budi kungoja miaka mitatu ndipo atoe damu. Akanipa juisi hata hivyo. Niliinywa nikiwa nimesimama mlangoni.

Sikuwa na kinyongo. Vijidudu vya malaria hujificha ndani ya chembe nyekundu, na mgonjwa wa kule hana sababu ya kuugua homa ya Chato. Ila nilihisi kitu ambacho sikuwa na jina lake. Nilikuwa nimenyoosha mkono kutoa, na mkono umerudi na damu yake.

Wiki chache baadaye mwenzangu wa ghalani akanielekeza nyumba moja karibu na kituo cha basi. Pale, alisema, hawachukui damu nzima. Wanachukua plazima tu, yale maji ya njano ambamo chembe za damu huogelea, na chembe zenyewe wanakurudishia. Na wanalipa. Kanuni ya serikali ya kule kwa wanaotoa plazima ya kutengenezea dawa humtaka mtoaji awe hana maradhi yanayoambukizwa kwa damu, lakini malaria imeachwa nje ya sharti hilo. Basi ikawa hivi: sadaka yangu ilikataliwa, bidhaa yangu ikapokelewa. Damu ile ile, mkono ule ule, umbali wa mitaa mitatu.

Nataka kueleza jinsi inavyokuwa, kwa sababu wengi wa kwetu waliopita pale hawasemi wanaporudi.

Unapimwa uzito, kwa sababu mwili mzito huruhusiwa kutoa kingi zaidi. Unachomwa ncha ya kidole, tone linaingia katika kijibomba cha kioo chembamba kuliko unyasi, wanaangalia kama damu ina nguvu na kama protini inatosha. Unajibu maswali yale yale kila mara. Halafu unaelekezwa kwenye kiti cha kulala, kimoja kati ya vingi vilivyopangwa safu kama vitanda vya bweni. Sindano ni nene kuliko ya hospitali. Mashine iliyo ubavuni inavuta damu, inaizungusha kwa kasi, inatenga kizito na chepesi. Kila baada ya muda inasita, inageuza mwendo, na chembe nyekundu zinarudi mkononi.

Kurudi kule ndiko sitakusahau. Damu yako mwenyewe inakurudia ikiwa ya baridi. Inapanda mkononi hadi begani, kama mtu aliyetoka nje alfajiri akaingia kitandani kwako na miguu ya umande. Midomo inawasha kidogo kwa ile dawa inayozuia damu isigande. Na pembeni chupa inajaa. Rangi yake ni ya mafuta ya alizeti. Kama usiku ule ulikula chipsi, inatoka na ukungu. Inachukua saa nzima na zaidi. Mwisho unafungwa bandeji, na fedha zinaingia kwenye kadi: enzi zangu dola 25 kwa mara ya kwanza ya wiki, 40 kwa ya pili. Sheria ya kule inaruhusu mara 2 katika siku 7, mradi ipite siku katikati. Hapa kwetu mwanaume hutoa damu nzima kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Zaidi ya nusu ya plazima inayotengenezewa dawa duniani hutoka Marekani, na sababu ni hiyo: mikono mingi, mara nyingi, kwa malipo.

Mtu aliyelala kiti cha jirani siku nyingi alikuwa kaka Mkongo. Nilipomsikia akiongea Kiswahili kwenye simu nilikaribia kulia. Nikamuuliza kwao. Akasema amekulia Nyarugusu. Moyo uliruka, nikadhani ni Nyarugusu yetu ya Geita, ya dhahabu. Kumbe ni ile ya Kasulu, ya wakimbizi. Tukabaki ndugu hivyo hivyo, kwa jina la mahali pasipo pamoja. Siku moja nilimwambia kwamba naona aibu. Alitazama chupa yake kwa muda, akasema, "Ndugu, mimi nauzisha maji tu. Damu yangu wananirudishia."

Nimeyabeba maneno yale tangu siku hiyo. Wazee wetu wanasema damu ni nzito kuliko maji, na hawajakosea. Lakini sehemu iliyo kubwa kidogo ya damu ni plazima, na katika kila sehemu kumi za plazima zaidi ya tisa ni maji. Uzito wa undugu unabebwa na maji. Bila maji yale chembe nyekundu zingekuwa rundo la mchanga mwekundu, zisingefika popote. Nikamwelewa kaka yule: mtu aliyeuza karibu kila kitu hutafuta mahali pa kuchora mstari. Yeye aliuchora kati ya maji na damu, akalala salama upande wake.

Huku Geita tunalijua jambo la kutenga. Sisi tuna neno mwalo kwa mahali pawili: mahali mitumbwi inapotia nanga, na mahali mawe ya dhahabu yanapooshwa. Karasha husaga jiwe hadi liwe unga, maji hupitishwa juu ya magunia yaliyotandazwa, udongo mwepesi huenda na maji, na kile kizito hubaki kimeshikwa na nyuzi. Kisha zebaki hukikusanya. Hivyo ndivyo tunavyochenjua: kizito ni mali, chepesi kinamwagwa. Mashine ile ya Marekani ilichenjua damu yangu kinyume. Ilikishika chepesi na kunirudishia kizito. Wenye biashara ile wenyewe huifananisha plazima na dhahabu. Nami, mtoto wa ukanda wa dhahabu, nilivuka bahari nikawa jiwe na mwalo wake.

Mama nilimficha kwa miezi. Nilipomwambia, simu ilikaa kimya nikadhani imekatika. Halafu akasema, "Mwanangu, umekwenda kwa mumiani kwa miguu yako mwenyewe?"

Wasomaji vijana huenda wamelisikia neno hilo kama hadithi ya kutisha watoto. Bibi zetu hawakulichukulia hivyo. Enzi za wakoloni uvumi ulizagaa Afrika Mashariki nzima kwamba kuna watu wanaokamata wenzao usiku, kuwapakia kwenye magari, kuwatia mashimoni na kuwanyonya damu. Pwani waliitwa mumiani, Nairobi wazimamoto, kwingine chinjachinja. Na kamusi za zamani zinaeleza mumiani kuwa dawa, kitu cheusi kama ulimbo kilicholetwa kutoka Uajemi, cha kutibu mifupa iliyovunjika, ambacho watu wengi waliamini kimetengenezwa kwa damu ya binadamu. Nilipokuwa mdogo niliogopa. Nilipokuwa kijana nikacheka. Katika kiti kile sikucheka tena. Kwa kweli kulikuwa na dawa ng'ambo iliyotengenezwa kwa damu za watu, na damu hizo kwa sehemu kubwa zilikuwa za wasio na kitu. Bibi zetu walikosea kuhusu magari na mashimo. Kuhusu kiu ile hawakukosea sana.

Na bado dawa ile ni dawa. Hapo ndipo moyo wangu unapokosa pa kukaa.

Mwaka 2015 mdogo wangu alibeba mimba yake ya kwanza. Kliniki wakampima wakakuta damu yake ni ya kundi hasi, na ya shemeji ni chanya. Wanawake wa namna hiyo wanaijua sindano inayoitwa anti-D. Mtoto akizaliwa na damu chanya, mama achomwe ndani ya saa 72, la sivyo mwili wake waweza kujifunza kuishambulia damu ya mtoto atakayefuata akiwa bado tumboni. Sindano ilipatikana Mwanza, na bei yake haikuwa ya mvuvi. Nikatuma fedha. Fedha zile zilitoka kwenye kadi ya plazima; sikuwa na nyingine. Shemeji alisafiri nayo kutoka Mwanza ikiwa ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu, akiikumbatia kifuani juu ya kivuko cha Busisi, maana daraja lilikuwa bado. Alifika kabla saa hazijaisha.

Miaka ilipita. Niliporudi nyumbani nilikuta mdogo wangu amelihifadhi boksi la ile sindano pamoja na kadi za kliniki. Nikalisoma. Limeandikwa kwa Kiingereza kwamba dawa iliyomo imetokana na binadamu. Nilikaa chini. Nilikuwa nimeuza plazima kununua plazima.

Haikuwa yangu, hilo nimelihakikisha. Anti-D hutolewa na watu wachache ambao damu zao zimekwisha jifunza kutengeneza kinga ile. Mmoja wao alikuwa James Harrison wa Australia, aliyefariki Februari 2025 akiwa na miaka 88. Akiwa na miaka 14 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa kifua, akaokolewa na damu za watu asiowajua, akaahidi kwamba akitimiza umri naye atatoa. Alianza 1954, akamaliza 2018 kwa sababu kanuni ya umri ilimkatisha. Mara 1,173. Kwao hawalipi. Na wanasema mtu huyo aliiogopa sindano, kila mara aliangalia pembeni ikiingia. Watu wake walimwita mwenye mkono wa dhahabu.

Kwa hiyo sijui boksi la mdogo wangu lilitoka mkono upi: wa mtu kama Harrison aliyetoa kwa nadhiri, au wa mtu kama mimi aliyetoa kwa kodi ya nyumba. Dawa haisemi. Imepita kiwandani, imechanganywa na za wengine, imesafishwa, imekuwa kitu kimoja. Mwili wa mdogo wangu haukuuliza iliuzwa au ilitolewa. Uliipokea.

Basi tofauti iko wapi? Mataifa yameliwaza jambo hili. Mwaka 1975 Baraza la Afya Duniani liliyahimiza yajenge huduma za damu juu ya utoaji wa hiari usio na malipo. Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Damu Salama mwaka 2004 kwa msingi huo, na viongozi wetu hawachoki kusema damu haiuzwi. Sababu zake ni za busara: mwenye shida ya fedha anaweza kuficha ugonjwa wake, na jimbo la Henan nchini China lilionja uchungu huo miaka ya 1990, wakulima maskini walipouza plazima wakarudishiwa chembe zilizochanganywa na za wengine, virusi vya UKIMWI vikaingia vijiji kwa vijiji.

Lakini sitasimama Chato nikamhukumu anayeuza. Hapa tunauza mwili kila siku. Kijana anashuka kwenye duara, shimo la dhahabu, kwa kamba, anavuta vumbi la mawe, anapanda na mgao wake wa mfuko mmoja, kauza mapafu. Mama anayeinama juani kuanika dagaa kauza mgongo. Anayeshika zebaki kwa vidole vitupu kauza kitu ambacho hajajua bado ni kipi. Kama kuuza plazima ni aibu, aibu hiyo tuigawane na kila anayenunua jasho kwa bei ya chini.

Nimetembea sana na swali hili, na mahali liliponifikisha ni hapa. Huku kwetu mwenye shamba anajua kwamba muhogo ni wake, lakini dhahabu iliyo chini ya muhogo si yake. Sheria ya madini inasema ni mali ya Watanzania, Rais ameshika kwa niaba yao. Mwenye shamba amepewa uso wa ardhi tu. Nimeanza kuona kwamba hata mkono wangu ni shamba la namna hiyo. Nalima juu yake, naupaka mafuta, nautumia. Lakini kile kinachopita chini ya ngozi sikukitengeneza mimi. Sikuwahi kuamka asubuhi nikaagiza plazima ijae. Kesho yake ilikuwa imejaa tena, kila wiki, kwa miaka miwili, bila kunidai. Nilikula ugali, nikanywa maji, nikalala. Na Mwenye shamba lote akafanya kazi Yake.

Ili kuuza, ilinibidi niamini ni yangu. Huo ndio uzito niliokuwa nauhisi kwenye kiti kile, na nikaudhania ni aibu. Kutoa hakunidai hivyo. Naweza kutoa huku nikikiri kwamba nimepewa. Hata kule naamini palikuwa na nafasi ya kukiri hivyo, ila chupa ilikuwa na bei na mimi nilikuwa naangalia saa. Kaka wa Nyarugusu nadhani alikuwa anakiri. Sikujua kusikia.

Na kuna jambo la malaria. Ule ugonjwa ulionifungia mlango ukumbini kule ndio unaoufungua hapa. Watoto wa ukanda huu wa ziwa malaria huwakausha damu hadi viganja vinakuwa vyeupe, na dawa ya saa hiyo ni mfuko kama ule uliokuwa unatikiswa chini ya kitanda changu. Akina mama wanaovuja damu wakati wa kujifungua, vijana wa bodaboda, waliofukuliwa kwenye kifusi, wote wanangoja mifuko hiyo. Shule zikifungwa hupungua, kwa maana wanafunzi ndio wachangiaji wetu wakubwa. Ukiwa na miaka 18 hadi 65 na kilo 50, umeitwa. Damu iliyokulia katika homa ya ziwa hili inapimwa, kisha inarudi kumsaidia mtoto wa homa ile ile.

Jumapili iliyopita nilimtazama padri akitia tone la maji katika divai. Nimeliona tendo hilo tangu utoto, nikiwa nimechoka nangoja misa iishe. Safari hii niliona kalisi na nikakumbuka chupa yangu ya njano, na ubavu ule wa Yesu ambamo Yohane anasimulia kuwa vilitoka damu na maji, vyote viwili. Havikutengwa. Hapakuwa na mashine ya kushika kimoja na kurudisha kingine. Nilibaki nimepiga magoti baada ya wengine kuketi.

Siku ile nilipotoka hospitalini nilikuta yule mtoto wa pili wa mdogo wangu anacheza rede uani. Ana miaka minane. Aliona pamba iliyobandikwa mkononi, akaacha mpira.

"Shikamoo mjomba. Umechomwa?"

"Marahaba. Nimechangia damu."

"Inauma?"

"Kidogo. Nesi amesema ninywe maji mengi."

Alikimbia ndani. Akatoka na kikombe kikubwa cha bati, amekishika kwa mikono miwili, akitembea taratibu yasimwagike, macho yote kwenye maji. Alisimama mbele yangu akingoja. Nikakipokea kwa mkono wa kushoto, nikayanywa yote.